Ndizi ya Mkono Wangu

Kabla hujamenya ndizi mbichi, paka mikono mafuta. Usipopaka, utomvu utakushika, na ukishakushika hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Utatembea wiki nzima na vidole vyeusi kama fundi wa magari. Hilo nilifundishwa na Altagracia, muuguzi aliyetoka Jamhuri ya Dominika. Kabla yake sikulijua, na ndiyo maana mikono yangu ilikuwa myeusi siku Sakariye aliponiacha.

Nianzie hapo, kwa sababu chuki yangu ilianzia hapo. Sitajifanya mwema. Anayetaka hadithi ya mwanamke mpole atafute jirani.

Ilikuwa mwaka wa ukame, tisini na mbili. Sakariye, mume wangu wa wakati huo, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi hapa Garissa, na mbuzi walikuwa wanakufa njiani kabla ya kufika sokoni. Siku moja akaniletea wageni wanne kutoka Hadado, mkubwa wao Mzee Bulle, bila kuniuliza kama nyumbani kuna kitu. Hakukuwa na nyama, mchele wala maziwa. Kilichokuwepo ni mkungu mmoja wa ndizi mkono wa tembo ambao mama yangu alinitumia kutoka shamba lake kando ya Tana. Nikazimenya kwa shida, nikazichemsha kwa chumvi, nikapeleka.

Nakubali hazikuwa tamu. Zilikuwa ngumu, na zimegeuka rangi ya maji ya mto. Lakini zilikuwa chakula, na nilizipika nikiwa sijala tangu jana yake.

Sakariye aliitazama sinia, akaisukuma kwa mguu. Kwa mguu, mbele ya watu. Akasema, "Mimi ni mtu wa ngamia. Huyu mtoto wa shamba analisha wageni wangu ndizi mbichi kama nyani." Wageni wakainamisha macho. Naye alipoona wako kimya akadhani wanamuunga mkono, akazidi. Akanipa talaka tatu palepale. Kisha akaapa: "Wallahi, siku nitakula ndizi ya mkono wako nikiwa hai, siku hiyo chukua hii mtoto. Kabla ya hiyo siku, humwoni."

Mtoto huyo alikuwa Arbia, binti yetu, miaka mitatu, amelala mgongoni mwangu. Alimtoa mwenyewe kwenye mbeleko huku amelala. Keshoye akampeleka kwa mama yake Hadado.

Nilikwenda kwa wazee mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia maneno ya kiapo si maji ya kumwaga, nisubiri. Mara ya pili mmoja wao akacheka akasema, "Basi si umlishe ndizi?" Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nililichukua neno lile nikaliweka kama tunavyoweka nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa vipande vidogo na kuzamishwa kwenye samli. Ukiifunika vizuri hukaa miezi bila kuoza. Langu lilikaa karibu miaka sita.

Altagracia alikuja mwaka uliofuata. Alifanya kazi na wakimbizi kule Hagadera, na siku za mapumziko alikuja kulala Garissa katika nyumba iliyopakana na yetu. Nikachukuliwa nimpikie. Wiki za kwanza nilimpikia wali na tambi, akala kwa adabu, kama mtu anayemeza dawa. Halafu Jumamosi moja tukaenda wote sokoni, akauona mkungu wa mkono wa tembo umelala chini, hakuna anayeutaka, maana kwetu watu hutaka ndizi mbivu za kulia wali. Aliukumbatia kama jamaa aliyepotea. "Barwaqo," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hii chakula ya mama yangu."

Jioni ile alinipaka mafuta mikononi, akanionyesha kuchana ganda kwa ncha ya kisu na kulibandua ndani ya maji ya chumvi. Alinifundisha mangu: unachemsha ndizi mpaka zilainike, unaziponda zikiwa bado za moto kwa maji yaleyale zilimochemkia, unatia samli, na mwisho kijiko cha maji baridi ili zisigande. Juu yake vitunguu vyekundu vilivyolowekwa kwenye siki na kupitishwa motoni. Alinifundisha tostoni: unakata vipande vinene, unakaanga, unatoa, unavibonda kwa kitako cha kikombe, kisha unavirudisha kwenye mafuta. Nilimuuliza kwa nini mara mbili. Akasema mara moja haitoshi.

Na alinifundisha sankocho, ambao ni mchuzi wa sikukuu kwao. Nyama, muhogo, nduma, boga, mahindi yaliyokatwa vipande pamoja na gunzi lake, na ndizi mbichi za aina mbili: nyingine vipande, nyingine zimekunwa ili mchuzi uwe mzito ushike mwiko. Ndimu na dhania mwishoni. Kwao hutia pia nyama ambayo sisi hatuli. Kwangu alitia mbuzi, wala hakunung'unika.

Siku moja, tukikoroga, nilimweleza habari za Arbia na kiapo cha baba yake. Watu wote niliowahi kuwaeleza walicheka au walisema inshallah. Altagracia aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akaniambia, "Basi lazima ujue kupika." Tangu siku ile nilipika kwa nia. Kila sufuria niliyoteleka nilimpikia Sakariye kwanza, ingawa walikula wengine.

Aliondoka mwaka wa tisini na sita. Aliniachia sufuria yake kubwa, na mtaani nikabaki na jina la nchi yake. Wakubwa kwa wadogo wakaniita Dominika, mpaka wengine wakasahau kwamba naitwa Barwaqo.

Kisha zikaja zile mvua za mwisho wa tisini na saba. Mto ulitoka kwenye njia yake, barabara zikakatika pande zote, malori yakabaki yamezama kwenye tope nusu ya magurudumu. Migomba ya marehemu mama ililazwa chini na mikungu yake haijakomaa. Watu walipita wakiikanyaga wakisema pole. Mimi nilikodi mkokoteni wa punda nikabeba kila mkungu usiooza. Majirani walidhani nimerukwa na akili kwa msiba wa shamba.

Ukaja na ugonjwa. Mbuzi walitupa mimba, ngamia wakaanguka, na watu waliowachinja wakaanza kutoka damu na kufa. Watu wa mifugo wakapita na kipaza sauti: msichinje, msile nyama, msinywe maziwa bila kuchemsha. Hebu fikiria mji wetu bila nyama. Wanaume walikaa vibarazani wakitazamana kama waliofiwa. Ramadhani ikaingia katika hali hiyo.

Nikaanza kupika uani kwangu kila jioni. Aliyekuwa na chumvi alileta chumvi, aliyekuwa na kuni alileta kuni, aliyekuwa mtupu alileta tumbo. Jirani yangu Safiyo alipakua na kupeleka. Mimi nilibaki jikoni, nyuma ya pazia la magunia.

Jumatatu ya wiki ya kwanza, kabla tu ya adhana, nilisikia mtu akikohoa mara mbili langoni kabla ya kusalimu. Mkono wangu ulisimama. Niliishi na kikohozi kile miaka mitano.

"Tumeambiwa hapa kwa Dominika iko chakula," alisema.

Nikachungulia. Sakariye alikuwa amekonda, koti limemzidi. Nyuma yake Mzee Bulle na fimbo yake. Na nyuma ya Mzee Bulle msichana wa miaka tisa hivi, ana kovu linalokata unyusi wa kushoto. Kovu lile nalijua. Alianguka juu ya jiwe la jiko akiwa na miaka miwili, na mimi ndiye niliyemtia kahawa ya unga ili damu ikome.

Sikulia. Nilimwambia Safiyo, "Yule mwanamume wa koti mpakulie wewe, umjazie. Usinitaje jina."

Walifuturu kwa tende, wakaswali, wakakaa mkekani. Safiyo akapeleka mangu na vitunguu vyake, kisha sankocho, ambao nilikuwa nimeutia konzi moja ya nyirinyiri ya kabla ya mvua. Nilimsikiliza akila. Najua si adabu kusikiliza mtu akila, lakini sijawahi kusikia muziki uliozidi ule. Alimaliza sahani, akaomba ya pili, akaomba ya tatu.

"Hii kiazi ni ya wapi?" alimuuliza Safiyo huku akifuta mangu kwa kidole. "Kwetu kiazi haikuwa tamu hivi."

Safiyo, Mungu ambariki, akasema viazi vya huku huwa hivyo.

Ndipo nikasikia habari zake. Alikuwa amehamia Hadado tangu aniache, na mbuzi wake wote walikuwa wamekufa. Mama yake alikuwa amefariki. Anampeleka Arbia Nairobi, Eastleigh, kwa dada yake ambaye anataka mtu wa kufua na kubeba watoto. Jeshi lilikuwa linafungua njia, na malori ya kwanza yangeondoka Ijumaa asubuhi. Ijumaa! Miaka sita nimengoja, na nimepewa siku nne.

Nilishindwa kujizuia. Nilitoka nyuma ya pazia nikiwa na mwiko mkononi.

"Si viazi," nikasema. "Ni ndizi mbichi, Sakariye. Na mkono ni huu."

Sakariye alinitazama, akatazama sahani, rangi ikamtoka. Nikamgeukia Mzee Bulle. "Mzee, ulikuwepo siku ile. Alisema nini?"

Mzee Bulle alijibu polepole, "Alisema siku atakula ndizi ya mkono yako, uchukue mtoto."

"Sikujua!" Sakariye akasema. "Nimedanganywa. Hii ni hila ya wanawake."

Mzee akapiga fimbo chini mara moja. "Mtu akifanya kitu bila kujua, hakuna dhambi kwake, na kiapo haimshiki. Hiyo ndiyo dini, Barwaqo, hata ikikuuma." Kisha akamgeukia yeye. "Lakini kiapo yako bado iko, Sakariye. Siku utakula ukijua, umekula."

Nilirudi jikoni na hasira, na hasira yenyewe nilijielekezea mimi. Nilifanya kosa la mpishi mwenye pupa: nilifunua sufuria kabla haijaiva. Pale uani nilimsikia Arbia akimuuliza baba yake, "Aabo, huyu eddo ni nani?" Eddo, dada wa baba. Aliyemjibu ni Mzee Bulle: "Si eddo. Ni mama yako."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliazimia kumpa sahani tu, kila siku.

Sakariye angeweza kutokuja tena. Lakini Mzee Bulle alikuwa amenogewa, na Arbia lazima ale, na Sakariye hakukubali kumwacha Arbia peke yake uani kwangu. Kwa hiyo Jumanne alikuja. Nikapika tostoni na kachumbari ya ndimu. Nikapeleka mwenyewe, nikaweka sahani mbele yake kama mbele ya wengine, iliyojaa kama za wengine. Asije mtu akasema nilimnyima mgeni futari.

"Karibu," nikasema.

Alikula tende tatu, akanywa maji, akageuza uso. Wenzake walitafuna tostoni zikisikika kama kuni kavu. Nilisimama palepale. Nilitaka kumwona akimeza mate, na nilimwona.

Jumatano alikwenda mapema kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Alisimama nyuma ya wanawake na ndoo zao, mtu wa ngamia, na Safiyo akaniletea habari hiyo akikimbia. Aliyachemsha mwenyewe kwenye kopo kando ya msikiti, hayakuiva, adhana ikalia akayala hivyohivyo. Alikuja uani kwangu ameshika tumbo, na kabla ya isha alikuwa ameyatapika yote nyuma ya uzio. Sahani yangu ya mangu ilikuwa inamngoja mkekani. Niliifunika kwa kawa ili nzi wasiikae.

Nilijua ni mwezi wa kusamehe. Nilisali sala zangu zote tano, na katika kila sijida nilimwomba Mungu amzidishie njaa. Mungu na anihukumu kwa hilo. Nitamjibu kwamba nilimwomba yeye, sikumwomba mchawi.

Arbia alikuwa akila bila kunitazama. Lakini jioni ile ya Jumatano aliingia jikoni na sahani yake tupu, akasimama.

"Unataka tena?"

Akatikisa kichwa. "Bibi alisema wewe ulinitupa," akasema.

Niliweka chini kisu, maana sikutaka kuwa nacho mkononi. "Nilikuwa nimekubeba mgongoni," nikamwambia. "Muulize Mzee Bulle nani alikushusha."

Alitoka. Sijui kama alimuuliza. Usiku sikulala, na kulipokucha Alhamisi nilijua ninalopaswa kufanya. Ilikuwa jioni ya mwisho. Sakariye akiipita ile, ameshinda.

Nilitoa nyirinyiri yote iliyobaki kwenye kopo. Nilitafuta muhogo, nduma na boga nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wamesikia habari, na hakuna aliyeninyima. Maka, mwanamke wa duka lililofungwa, alitoa ndimu zake mbili za mwisho akasema, "Mpike, dada." Niliuteleka sankocho tangu adhuhuri, moto mdogo, nikakuna ndizi kumi ndani yake. Kufikia alasiri harufu ilikuwa imevuka uzio ikafika msikitini alikolala Sakariye.

Kuna jambo moja nililolijua tangu asubuhi. Dereva wa lori la kwanza alikuwa ametangaza kwamba hapakii mwanamume asiyeweza kusukuma. Njia yote ni tope, siku mbili, na kila baada ya mwendo mdogo abiria wanashuka kusukuma. Alikuwa akiwakagua wanaume mmoja mmoja, na Sakariye alipofika mbele yake miguu ikamtetemeka. Akaambiwa ale kwanza, arudi Ijumaa alfajiri. Akiwa hivihivi abaki.

Alifika uani akiwa wa mwisho. Alikohoa mara moja tu, hakuwa na nguvu ya mara ya pili. Adhana ikalia, akala tende, akanywa maji. Nikaja na bakuli. Mvuke ulimpanda usoni. Vipande vya ndizi vilionekana waziwazi. Safari hii sikuviponda wala sikuvificha.

"Karibu," nikasema.

Alilitazama bakuli muda mrefu. Akamtazama Arbia, aliyekuwa anakula. Akamtazama Mzee Bulle, labda akitafuta mlango. Mzee alisema, "Kijana yangu, njia ni mbili. Baki hapa na mtoto ambaye huwezi kumlisha. Au kula, uende."

Akachukua kijiko. Alichota mchuzi kwanza, bila kipande.

"La," nikamwambia. "Ndizi."

Akachota ndizi. Akaitia mdomoni, akatafuna, akameza. Ua mzima uliacha kula.

"Umekula nini?" nikamuuliza.

Nikauliza tena, sauti ileile.

"Ndizi," akasema.

"Ya mkono wa nani?"

Machozi yalikuwa yamemjaa, na sitasema yalinisikitisha. "Ya mkono wako, Barwaqo."

Mzee Bulle akapiga fimbo yake chini. "Mimi nimesikia. Na hawa wote wamesikia. Mtoto ni wa mama yake." Kisha akarudi kwenye bakuli lake, kwa kuwa mchuzi ulikuwa unapoa.

Miaka sita nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia siku ile. Nilikuwa nayo mengi, mengine hayafai kutajwa mwezi mtukufu. Nilipofungua mdomo, Sakariye alikuwa amemaliza bakuli. Alikuwa amelikomba mpaka chini, na amelishika kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi. Kisha akalisogeza kwangu taratibu juu ya mkeka. Kwa mkono.

Nikaona maneno hayahitajiki tena. Nikamjazia, akala hata la pili.

Lori liliondoka Ijumaa alfajiri. Watu waliorudi waliniambia Sakariye alisukuma vizuri, hakuna aliyemshinda. Wengine huniuliza kama nilimsamehe. Nilimshibisha, basi, mengine aombe kwa Mungu, mwenye hazina kubwa kuliko yangu.

Asubuhi ile nilikuta Arbia ameamka kabla yangu. Alikuwa amekaa jikoni, amekwisha kumenya ndizi tatu kwa ajili ya futari ya jioni, bila kuambiwa na mtu. Alininyooshea vidole vyake akiwa na hofu kidogo. Vilikuwa vyeusi tititi.

"Havitoki," akasema.

"Vitatoka baada ya wiki," nikamwambia. Nikakaa karibu naye, nikafungua chupa, nikammiminia mafuta mikononi kwa ajili ya zilizobaki.